Tumwamini Marco Polo? Shahidi Aliyeona na Shahidi Aliyesikia

Wazee walisema, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Tumeizoea methali hii hata tumeifanya hakimu. Neno likishazunguka jumuiya mbili tatu, likishatumwa kwenye simu za nusu ya parokia, tunaliona limekwisha kuthibitika, na anayeuliza "nani aliona?" anaonekana mbishi. Katika makala hii tunapendekeza tujifunze upya kuuliza swali hilo, na tujifunzie kwenye shauri la zamani lisilomgusa jirani wa yeyote kati yetu. Ni shauri la Marco Polo, mfanyabiashara wa Venice aliyesema kwamba aliishi China kwa miaka kumi na saba. Kwa karne saba sasa watu wanabishana kama alisema kweli.

Tumelichagua shauri hili kwa sababu mbili. Ya kwanza, limefungamana na historia ya Kanisa kuliko wengi wanavyodhani, maana ndani yake wamo mapapa, Wadominiko, Wafransisko na Wakristo wa Mashariki. Ya pili, kitabu cha Marco Polo kina sura inayowahusu watu wa pwani yetu ya Afrika Mashariki, na sura hiyo ni somo chungu juu ya nini hutokea mtu anapoandika habari za watu asiowaona.

Mtu mwenyewe na kitabu chake

Marco alizaliwa mwaka 1254. Baba yake Niccolò na baba yake mdogo Maffeo walikuwa wafanyabiashara, na kabla Marco hajasafiri nao walikwisha kufika kwa Kublai Khan, mtawala mkuu wa Wamongolia. Khan aliwatuma warudi kwa Papa wakaombe watu 100 wenye elimu, wanaoweza kuieleza imani ya Kikristo kwa hoja, na mafuta kidogo ya taa inayowaka kwenye Kaburi Takatifu kule Yerusalemu.

Waliporudi walikuta Papa Klementi IV amefariki tangu mwaka 1268, na makardinali waliokutana Viterbo wanashindwa kuelewana. Kiti cha Petro kilikaa wazi karibu miaka mitatu. Hatimaye mwaka 1271 alichaguliwa Teobaldo Visconti, ambaye wakati huo alikuwa Acre katika Nchi Takatifu. Akachukua jina la Gregori X. Ndiye yule ambaye katika Mtaguso wa Pili wa Lyon, mwaka 1274, aliweka utaratibu wa kuwafungia makardinali ndani hadi wamchague Papa, na majandokasisi wanaosoma historia ya Kanisa wanaifahamu sababu yake. Badala ya watu 100, Papa huyo aliweza kutoa Wadominiko wawili, Nicholas wa Vicenza na William wa Tripoli. Walipofika Armenia walisikia habari za vita, wakaogopa, wakarudi. Akina Polo wakaendelea peke yao, Marco akiwa kijana wa miaka kumi na saba.

Alirudi Venice mwaka 1295, akiwa na miaka 41. Muda si mrefu alitekwa katika vita vya baharini kati ya Venice na Genoa, akatiwa gerezani. Humo alikutana na mfungwa mwenzake, Rustichello wa Pisa. Mwaka 1298 Marco alisimulia, Rustichello akaandika, kwa Kifaransa kilichochanganyika na Kiitalia. Nakala ya kwanza imepotea. Zilizobaki ni karibu 150, zilizonakiliwa kwa mkono katika lugha mbalimbali, na hazifanani. Nyingine zina sura ambazo wenzake hawana, nyingine zimefupishwa, nyingine zimeongezwa chumvi.

Basi mambo ni haya: shahidi mmoja, mwandishi mwingine, gereza, na nakala zisizopatana. Tumwamini?

Kipimo tulicho nacho nyumbani

Hatuhitaji kwenda mbali kutafuta kipimo. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, katika kanuni ya 1572, zinamwekea hakimu wa Kanisa mambo manne ya kuangalia anapopima ushahidi. La kwanza ni hali ya shahidi na sifa yake. La pili ni kama anasema aliyoyajua mwenyewe, hasa kwa kuona au kusikia kwa masikio yake, au anatoa maoni, uvumi na ya kuambiwa. La tatu ni kama ni thabiti na hajipingi, au anayumba. La nne ni kama wapo mashahidi wengine au vithibitisho vingine vinavyomuunga mkono. Kanuni inayofuata inaongeza kwamba kwa kawaida ushahidi wa mtu mmoja peke yake haukamilishi uthibitisho.

Padre anayesikiliza mashauri ya ndoa anafanya kazi kwa kipimo hicho. Wanaokusanya ushahidi kwa ajili ya kumtangaza mtu Mwenyeheri au Mtakatifu nao humpambanua shahidi aliyeona na shahidi aliyesikia kwa walioona. Kipimo hiki kiliwekwa kwa ajili ya mahakama ya Kanisa, lakini akili iliyomo ndani yake inamfaa kila msomaji wa historia. Tukitumie kwa Marco Polo, jambo baada ya jambo.

Hali ya shahidi na sifa yake

Marco alikuwa mfanyabiashara, na kitabu chake kinaonyesha hivyo. Anapoingia mji anataja kinachouzwa, fedha inayotumika, ushuru, umbali kwa siku za safari, na dini ya wakazi. Hana maneno mengi juu ya falsafa wala mashairi ya Wachina. Hii ni sifa njema kwa shahidi, maana mtu husema vizuri zaidi yale anayoyaelewa kwa kazi yake. Mvuvi muulize upepo, usimuulize hesabu za benki.

Mwandishi wake ndiye tatizo. Rustichello alikuwa mtunzi wa hadithi za Mfalme Arthur na mashujaa wake, na alikuwa na mitindo yake tayari. Wataalamu wamelinganisha maandishi yake wakaona kwamba mapokezi ya kijana Marco mbele ya Khan yanafanana mno na mapokezi ya shujaa Tristan mbele ya Mfalme Arthur katika hadithi aliyoiandika kabla. Vita vyote vinapigwa kwa maneno yale yale. Hapo anayesikika ni mwandishi, na shahidi amekaa kando. Msomaji anayejua hilo hashtuki, ila anajifunza kutambua sauti mbili ndani ya ukurasa mmoja.

Mdominiko Francesco Pipino wa Bologna, aliyekitafsiri kitabu hicho kwa Kilatini mwanzoni mwa karne ya 14, alikitetea katika dibaji yake. Alisema kwamba Maffeo, yule baba mdogo, alipokaribia kufa alimhakikishia padre muungamishi wake, katika mazungumzo ya kawaida, kwamba yaliyomo ni kweli. Na Mdominiko mwingine, Jacopo wa Acqui, anasimulia kwamba rafiki za Marco walimsihi akiwa kitandani mwa mauti afute yaliyozidi, naye akajibu kwamba hakusimulia hata nusu ya aliyoyaona. Habari hizi zinagusa moyo. Hata hivyo tuzipime sawasawa: Maffeo ni ndugu wa damu, na kauli zote mbili zimetufikia kwa mkono wa pili. Zina uzito, lakini peke yake hazimalizi shauri.

Aliyoyaona na aliyoyasikia

Hapa ndipo Marco anatushangaza kwa uungwana wake. Mwanzoni kabisa mwa kitabu anatamka kwamba aliyoyaona atayasema kuwa ameyaona, na aliyoyasikia kwa watu wa kuaminika atayasema kuwa ameyasikia. Wapo waandishi wengi wa leo ambao hawajawahi kutoa ahadi kama hiyo.

Tatizo ni kwamba ahadi haikutimizwa kila mahali, na sisi watu wa Afrika Mashariki ni mashahidi wa hilo. Kuelekea mwisho wa kitabu anazungumzia Madagascar na Zanghibar, yaani Zanzibar. Hakufika huko. Anasema Zanzibar ni kisiwa chenye mzunguko wa maili 2000. Anayekifahamu kisiwa cha Unguja atacheka. Yaelekea mabaharia aliowasikia walikuwa wakitaja nchi ya Zanj, jina ambalo Waarabu waliliita eneo refu la pwani yetu, na yeye akalifanya kisiwa. Anasema watu wake hupigana vita juu ya ndovu waliobebeshwa minara ya mbao yenye askari ndani, desturi ya India iliyopandikizwa kwetu kwa kalamu.

Juu ya Madagascar anasema kwamba watu hula nyama ya ngamia kwa wingi na kwamba biashara ya pembe za ndovu ni kubwa. Madagascar haina ndovu, wala haikuwa nchi ya ngamia. Fumbo hili linafumbuliwa na msafiri mwingine, Ibn Battuta wa Morocco, aliyefika pwani yetu kwa miguu yake mwaka 1331. Alikaa Mogadishu, akalala Mombasa, akafika Kilwa. Juu ya Mogadishu anataja wingi wa ngamia wanaochinjwa kila siku. Yaelekea, basi, Marco au waliomsimulia walichanganya Mogadishu na kisiwa kikubwa cha kusini, na kosa hilo ndilo lililokipa kisiwa hicho jina ambalo dunia inalitumia hadi leo. Ya kuambiwa yakikosewa mara moja yanaweza kukaa kwenye ramani miaka 700.

Jambo zito zaidi ni namna anavyowaeleza watu. Watu wa Zanzibar, asema, wanatisha kwa sura, na mtu akiwakuta nchi nyingine angewadhani ni mashetani. Mwanamume mmoja hula chakula cha watano. Wanawake ni wabaya wa kutazama. Hayo yote aliyaandika mtu ambaye hakuwahi kukaa nao mezani. Ibn Battuta, aliyekaa nao, anawataja wakazi wa Mombasa kuwa watu wa dini, waaminifu na wema, na Kilwa anaiita mmoja wa miji mizuri kabisa. Watu ni wale wale, zama zinakaribiana sana, tofauti ni kwamba mmoja alikuja na mwingine alisimuliwa.

Tukiishia hapo, hata hivyo, tutakuwa hatujamtendea haki. Katika sura hizo hizo za kuambiwa, Marco anamweleza twiga vizuri kabisa, na anasema kwamba kusini ya huko mkondo wa bahari huvuta merikebu kwa nguvu kuelekea kusini hata zinashindwa kurudi. Mabaharia wa mlango wa bahari wa Msumbiji wanaujua mkondo huo. Hata ndege wake mkubwa, rukh, anayesemekana kumbeba ndovu, huenda ana chembe ya ukweli, maana Madagascar iliwahi kuwa na ndege wakubwa mno wasioruka, ambao mayai yao yamepatikana. Uvumi hubeba ukweli kama mto wa masika ubebavyo matope, na huwezi kuyanywa maji hayo bila kuyachuja.

Uthabiti wa shahidi

Kipimo cha tatu kinamuumiza Marco mahali pawili. Kitabu kinadai kwamba akina Polo walimsaidia Khan kuuteka mji wa Xiangyang kwa kumtengenezea mitambo ya kurushia mawe. Mji huo ulianguka mwaka 1273, nao walikuwa bado njiani. Kumbukumbu za Wachina zinawataja waliotengeneza mitambo hiyo: mafundi Waislamu walioletwa kutoka Uajemi. Dai hili ni la uongo, iwe liliingizwa na Marco kwa kujisifu au na Rustichello kwa kupamba.

Kitabu kinadai tena kwamba Marco aliutawala mji wa Yangzhou kwa miaka mitatu. Hakuna orodha ya watawala wa mji huo inayomtaja. Yawezekana alikuwa na kazi ndogo ya serikali huko, na nakala moja ikaikuza.

Mwaka 1995 mtaalamu Mwingereza Frances Wood aliandika kitabu akiuliza kama Marco alifika China kabisa. Hoja yake kubwa ilikuwa ukimya wa shahidi. Mbona hataji Ukuta Mkuu, chai, vijiti vya kulia, wala desturi ya kufunga miguu ya wasichana ili isikue? Mbona kumbukumbu za China hazimtaji? Kitabu hicho kilisomwa sana, na wengi bado wanarudia kwamba "imethibitishwa" Marco alidanganya.

Tunaona hoja ya ukimya ni dhaifu, na inafaa kila mwanafunzi wa Maandiko na wa historia aijue. Ukuta tunaouona kwenye picha ulijengwa na watawala wa Ming, ambao walishika madaraka mwaka 1368, miaka 44 baada ya Marco kufa. Kabla yao kulikuwa na kuta za udongo zilizobomoka. Kufunga miguu ilikuwa desturi ya wanawake Wachina wa nyumba za juu, ambao mgeni hakuwaona kwa urahisi, na Marco aliishi zaidi kati ya Wamongolia na watumishi wao wageni. Mtu kutotaja jambo si sawa na kukanusha. Wainjili nao hawasimulii kila mmoja yote, na hakuna anayesema Marko hakuujua utoto wa Yesu kwa sababu tu hakuuandika.

Mashahidi wengine na vithibitisho

Kipimo cha nne ndicho kinachoamua shauri, na hapa mizani inamwelemea Marco kwa wema.

Anasimulia kwamba walitoka China wakiwa katika msafara wa wajumbe watatu wa Arghun, mtawala wa Uajemi, waliokuja kumchukua binti wa kifalme, Kokachin, awe mke wa bwana wao. Anawataja wajumbe kwa majina: Oulatai, Apusca na Coja. Kwa karne nyingi hakuna aliyeweza kulithibitisha hilo. Mwaka 1941 mtaalamu Mchina Yang Zhijiu alichapisha hati ya serikali ya mwaka 1290 aliyoikuta ndani ya mkusanyo mkubwa wa karne ya 15. Hati hiyo inazungumzia posho za msafara wa wajumbe watatu wa kwenda kwa Arghun, na majina ni yale yale matatu. Mwanahistoria wa Uajemi, Rashid al-Din, naye anataja kufika kwa msafara huo na mjumbe Khoja, na Marco alikuwa amesema kwamba kati ya wajumbe watatu ni huyo peke yake aliyefika akiwa hai. Hati ya Kichina haimtaji Marco. Lakini mtu angeyajuaje majina ya maofisa watatu wa safari moja, kama hakuwa safarini au karibu sana na waliokuwamo?

Mwaka 2013 Hans Ulrich Vogel wa Chuo Kikuu cha Tübingen, Ujerumani, alitoa kitabu kizima juu ya fedha, chumvi na kodi katika masimulizi ya Marco. Marco anaeleza fedha ya karatasi iliyotengenezwa kwa ganda la ndani la mforosadi, ikipigwa muhuri mwekundu, na kwamba noti iliyochakaa hubadilishwa kwa kukatwa asilimia 3. Anaeleza mabonge ya chumvi yaliyopigwa muhuri na kutumika kama fedha, na kauri zilizotumika katika eneo ambalo leo ni Yunnan. Kumbukumbu za Kichina zinakubaliana naye, na Vogel anaonyesha kwamba hakuna mwandishi mwingine wa Ulaya, wa Uarabuni au wa Uajemi wa zama zile aliyeyaeleza mambo hayo kwa undani kama huo. Asingeweza kuyanakili kwa mtu.

Hata nyumbani kwao vithibitisho vipo. Wosia wa Maffeo wa mwaka 1310 unataja vibao vitatu vya dhahabu vilivyotoka kwa Khan, vile ambavyo wasafiri wake walibeba kama hati ya njia. Wosia wa Marco mwenyewe, wa Januari 1324, upo hadi leo katika maktaba ya Marciana mjini Venice, na ndani yake anamwachia huru mtumwa wake Petro, Mtatari.

Kisha kuna shahidi wa Kanisa. Mfransisko Giovanni wa Montecorvino alifika Khanbaliq, ambao leo ni Beijing, yapata mwaka 1294, baada ya Marco kuondoka. Alipofika huko kitabu cha Marco kilikuwa bado hakijaandikwa. Katika barua yake ya mwaka 1305 anamtaja Mfalme George, Mkristo wa Kinestori aliyejiunga na Kanisa Katoliki, akapokea daraja ndogo na kumtumikia altareni akiwa amevaa mavazi yake ya kifalme. Marco naye anamtaja George huyo na nchi yake. Mashahidi wawili wasiofahamiana wanakutana kwa mtu mmoja.

Lakini angalia jambo hili. Wote wawili wanasema George alikuwa wa ukoo wa Padre Yohane, yule mfalme na padre wa Mashariki ambaye Ulaya nzima ilimtafuta na hakuonekana kamwe. Mashahidi wawili wameafikiana hapo pia, na bado jambo lenyewe ni hekaya. Kumbe kuafikiana kwa mashahidi kunathibitisha tu pale kila mmoja anapokuwa amejionea mwenyewe. Wakiwa wamekunywa kisima kimoja cha uvumi, hata wakiwa elfu, ushahidi ni mmoja. Ujumbe uliotumwa na watu mia mbili kwenye simu zetu una chanzo kimoja, na mara nyingi chanzo hicho hakina jina.

Hukumu yetu

Kwa maoni yetu, Marco Polo alifika China na aliishi huko miaka mingi. Anayesema hakufika ana mzigo mkubwa wa kueleza majina ya wajumbe, noti za mforosadi na mabonge ya chumvi. Lakini hatumwamini juu ya mitambo ya Xiangyang, tunasita juu ya utawala wa Yangzhou, na tunazikataa sura zake juu ya watu wa pwani yetu kama ushahidi wa jinsi walivyokuwa.

Wapo watakaosema kwamba shahidi aliyesema uongo mahali pamoja hafai popote. Tunaielewa hasira hiyo, na katika maisha ya kila siku inatulinda. Ila katika historia inatuacha mikono mitupu. Ibn Battuta, tuliyemsifu kwa Kilwa na Mombasa, naye alimsimulia mwandishi, Ibn Juzayy, ambaye katika sehemu za Makka, Madina na Damasko alichukua maelezo ya msafiri aliyetangulia, Ibn Jubayr. Safari yake ya kwenda Bulghar kwenye mto Volga, wataalamu wengi wanaona hakuifanya. Tukimtupa Marco kwa kosa moja, itabidi tumtupe na Ibn Battuta, na pamoja naye tutaitupa moja ya picha chache za karne ya 14 tulizo nazo za miji yetu zilizochorwa na aliyeziona. Haki ni kumpima shahidi kwa kila neno lake, na kutomtukuza au kumwangamiza kwa jumla.

Yatupasayo sisi

Haki hiyo tunaidaiwa kwanza na jirani. Jina la mtu linapotajwa katika jumuiya, au la katekista, au la padre, au binti aliyehama mtaa, maswali manne ya kanuni ya 1572 yanamhusu: nani anasema, aliona au aliambiwa, kauli yake imesimama au inabadilika, na nani mwingine aliona kwa macho yake. Mkristo anayeuliza hivyo kabla ya kupeleka neno mbele haleti ubishi. Anailinda amri ya nane. Watu wa Zanj waliitwa mashetani na mtu asiyewaona, na vitabu vikanakiliwa. Leo kunakili ni kugusa kioo cha simu.

Tunaidaiwa pia na historia yetu. Parokia nyingi za kwetu zina watu waliozaliwa kabla ya uhuru, waliobatizwa na wamisionari wa kwanza wa eneo lao, waliobeba mawe ya kujengea kanisa wakiwa watoto. Habari za mwanzo wa Kanisa letu, tangu Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, zimeandikwa kwa sehemu kubwa na wageni. Waliandika mengi mazuri, na shajara zao ni hazina. Ila nao waliona baadhi na kuambiwa baadhi, na babu zetu mara chache waliulizwa.

Kwa hiyo tunawaomba mafrateri walio katika mwaka wa kichungaji, na vijana wa parokia wenye simu za kurekodia, wakae na wazee hao kabla hatujawazika. Waandike jina la msimulizi na tarehe ya mazungumzo. Pale mzee anaposema "niliona", waandike kwamba aliona. Pale anaposema "tulisikia", waandike kwamba alisikia. Wazee wawili wakitofautiana, waziandike kauli zote mbili bila kuzisawazisha, na wasiongeze shujaa wala muujiza ambao mzee hakuutaja. Kisha waache nakala ofisini kwa paroko. Ndiyo ahadi ambayo Marco aliitoa katika ukurasa wa kwanza wa kitabu chake, naye hakuitimiza kila mahali. Sisi tunaweza kuitimiza, na wajukuu zetu watakapotupima hawatapata shida kujua lipi tuliliona na lipi tuliambiwa.